UZI: Power BI, Tableau, Looker Studio au Metabase? Hesabu watazamaji kwanza, chati baadaye

Mzee wa Pivot (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "Power BI na Tableau ipi kali" linarudi humu kila mara na linajibiwa kishabiki, kama Simba na Yanga. Mmoja anasema Tableau ina chati za kuvutia, wa pili anasema Power BI ni rahisi, wa tatu anasema Excel inatosha, uzi unakufa. Mimi kazi yangu ni kutengeneza ripoti za wafanyabiashara wa jumla na mashirika madogo hapa Dar, na programu zote nne za kichwa cha uzi, za kugeuza data kuwa ripoti na chati, nimezifanyia kazi ya kulipwa. Naandika kwa ajili ya yule anayetakiwa aende kwa bosi na jibu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubishana asipate tabu ya kusoma hadi mwisho: kuchora, zote zinachora. Chati ya mistari ya mauzo ya miezi 12 inatoka vizuri kwenye zote nne. Zinapoachana ni kwenye mambo matatu: data yako inakaa wapi, nani ataifungua hiyo ripoti, na nani analipia kila jicho linaloitazama. La tatu ndilo linaloua miradi mingi, na ndilo halionyeshwi kwenye video za YouTube.

Tuanze na hilo hilo. Chukua kampuni yenye watengeneza ripoti 2 na watazamaji 40: mameneja wa matawi, wahasibu, wakurugenzi.

Power BI Desktop unaipakua bure, na hapo ndipo watu wengi wanapodhani biashara imeisha. Ukitaka kumshirikisha mwenzako ripoti kwa njia ya kawaida, wewe uwe na leseni ya Pro na yeye awe nayo. Pro ilikuwa dola 10 kwa mtu kwa mwezi kwa karibu miaka kumi, na Aprili 2025 ikapanda hadi dola 14. Watu 42 mara 14 ni dola 588 kwa mwezi, yaani 7,056 kwa mwaka.

Tableau Cloud, kwa bei ya orodha ya toleo la kawaida, mtengenezaji analipiwa dola 75 kwa mwezi na mtazamaji 15. Wawili ni 150, arobaini ni 600. Jumla 750 kwa mwezi, 9,000 kwa mwaka.

Unaona? Wanaosema "Tableau bei mbaya, Power BI bure" wanalinganisha leseni ya mtengenezaji peke yake. Watazamaji wakiwa wengi, pengo linapungua sana, kwa sababu Power BI haina bei ya chini ya mtazamaji. Kuna njia ya kununua uwezo wa Fabric (jukwaa la data la Microsoft lililobeba Power BI), ile ngazi ya F64, ambapo watazamaji wanaingia bila Pro, lakini hiyo inazunguka dola 5,000 kwa mwezi hata ukijifunga mkataba wa mwaka. Gawa kwa 14 uone: inaanza kuleta maana ukiwa na watazamaji zaidi ya 350. Ofisi ngapi hapa mjini zina watu 350 wanaofungua ripoti?

Looker Studio ni bure kwa mwenye akaunti ya Google, mtengenezaji na mtazamaji. Metabase ya chanzo huria ni bure pia, ila unalipa seva na fundi. Tutafika huko.

Jambo la pili: kila programu imebeba ukoo wake. Tableau ilizaliwa 2003 kutoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu namna ya kuburuta sehemu za jedwali na kupata picha papo hapo. Hadi leo nguvu yake ni kuchunguza: unaburuta, unaona, unauliza swali jingine. Salesforce waliinunua 2019 kwa dola bilioni 15.7. Power BI ilitoka tumboni mwa Excel. Injini yake ilikuwepo tangu Power Pivot ya 2010, kabla jina lenyewe halijaingia sokoni rasmi Julai 2015. Nguvu yake ni kuunganisha majedwali mengi na kukokotoa. Looker Studio ilianza 2016 kama Data Studio ikibeba takwimu za tovuti na matangazo ya Google, ikabadilishwa jina 2022. Metabase ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ambazo tayari zina hifadhidata na zina wafanyakazi wasiojua SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Mpe kila mmoja kazi ya ukoo wake, hakusumbui.

Kwa hiyo mapendekezo yangu, bila kupaka rangi:

Ofisi iko ndani ya Microsoft 365, data iko kwenye Excel na programu ya uhasibu: chukua Power BI, usitafute mchawi.

Data iko kwenye Google Sheets na fomu, mko watu kumi, bajeti hakuna: Looker Studio.

Mna mfumo wenu wenye hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL na mna kijana anayejua seva: Metabase.

Uchambuzi wenyewe ndio bidhaa mnayouza, kama washauri na watafiti: Tableau.

Qlik, programu nyingine ya aina hii, nimeiacha makusudi. Ni kazi nzuri ya Waswidi, injini yake inakuonyesha hata kile ambacho hakikuguswa na uchaguzi wako, lakini kupata mtu wa kuiendesha hapa nchini ukimpoteza wa kwanza ni shughuli.

Karibuni, shusheni nondo.

---

mgeni_wa_safu

Siti ya mbele. Swali la kizembe mkuu: kwa nini nisibaki na Excel tu? Bosi anaijua, mhasibu anaijua, na pivot inatoa kila kitu.

---

Mzee wa Pivot

Si swali la kizembe. Duka lenye mauzo mia kwa siku linaweza kubaki Excel hadi watoto wa mwenye duka wahitimu chuo. Jedwali la Excel linabeba mistari 1,048,576, na wengi wetu hatufiki.

Shida inaanza pale Excel inapogeuzwa bomba la kupitishia data. Uingereza, mwaka 2020 wakati wa korona, Public Health England walikuwa wanapokea majibu ya maabara na kuyapitisha kwenye faili la muundo wa zamani wa XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yakakatwa kimya kimya. Wagonjwa 15,841 waliopimwa kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Hakuna aliyeona onyo lolote kwenye skrini.

Kwa hiyo kanuni yangu: Excel kama meza ya kazi ya mtu mmoja, sawa. Excel kama njia ambayo matawi saba yanatuma mauzo kila jioni, kila moja na faili lake liitwalo "Mauzo_FINAL_mpya2", hapana. Hapo jifunze Power Query, zana ya kuvuta na kusafisha data, ambayo imo humo humo ndani ya Excel, na ukishaijua umeshaingia nusu ya Power BI bila kulipa senti.

---

Dada Hesabu

Mzee wa Pivot, heshima yako, ila Tableau umeipunja. Umeongelea bei mistari kumi, uwezo mstari mmoja.

Mimi nachambua data za tafiti. Nikipata jedwali jipya sijui hata swali langu ni lipi. Kwenye Tableau naburuta mkoa huku, umri kule, jinsia kwenye rangi, na baada ya muda mfupi nimeshajua wapi pananuka. Kwenye Power BI lazima kwanza nikae nijenge muundo, niunganishe majedwali, niandike vipimo kwa DAX, lugha yake ya kukokotoa. Na hiyo DAX! Mtu anajifunza SUM na AVERAGE anajiona ameiva, anakutana na CALCULATE, na hapo ndipo anapogundua kwamba namba ile ile inabadilika kulingana na kilichochujwa mahali asipopaona.

Mfano hai. Nataka wastani wa manunuzi kwa mteja, kwa kila mkoa. Si wastani wa risiti, wastani wa mteja. Tableau naandika usemi mmoja wa FIXED kwa mteja, jumla ya manunuzi, halafu naomba wastani. Imeisha. Mtu mpya anaelewa ukimweleza mara moja.

Halafu Power BI Desktop haifungui kwenye Mac. Ofisi za ubunifu na za utafiti zimejaa Mac. Unamwambia mtu anunue kompyuta ya pili?

---

Mzee wa Pivot

Dada Hesabu, kwa kuchunguza nakubaliana na wewe kabisa, na ndiyo maana watafiti na washauri nimewaweka upande wa Tableau. Ninapokataa ni pale uchunguzi unapoisha na inabidi ripoti ile ile ijiendeshe miezi 24 ijayo bila wewe. Kwa mteja wangu mwenye stoo tatu, bei inayobadilika na mkopo wa wateja, huo muundo unaouona ni usumbufu ndio unaotuokoa. Jedwali la mauzo katikati, pembeni bidhaa, wateja, tawi, kalenda. Kipimo cha "faida ghafi" kimeandikwa mara moja, na ripoti zote kumi zinakitumia kile kile. Mhasibu na meneja hawabishani tena kila mmoja na namba yake.

Mfano wako wa wastani wa mteja kwa DAX ni AVERAGEX juu ya orodha ya wateja na kipimo cha mauzo. Mstari mmoja pia. Ila nakiri kumweleza mtu kwa nini unafanya kazi kunachukua chai mbili.

Mac umenishika. Watu wanaendesha Windows ndani ya Mac, au kutengeneza kupitia kivinjari, lakini Desktop kamili haipo.

---

Chatipai

Mimi nimekuja kuuliza kimoja tu: ipi ina chati ya duara yenye 3D? Bosi anaipenda sana.

---

Dada Hesabu

😂 Chatipai hadi jina. Excel inayo, mpe. Ila ujue tangu 1984 Cleveland na McGill walishapima jambo hili kwa majaribio: jicho la mtu linalinganisha urefu na nafasi kwenye mstari mmoja vizuri kuliko linavyolinganisha pembe na ukubwa wa eneo. Ukiilaza hiyo duara kwa 3D, kipande cha mbele kinavimba bila sababu. Mchoree bosi mihimili iliyopangwa kutoka mkubwa kwenda mdogo, mpe na rangi ya kampuni, hatauliza duara tena.

---

Mwana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mnashindana kwa programu za kununua, lakini huku kwenye afya ya umma ipo moja ambayo mumeipita kama haipo: DHIS2. Chimbuko lake ni mradi ulioanza Afrika Kusini 1994, sasa unaongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na ni chanzo huria. Kenya tuliisambaza nchi nzima 2011. Nanyi Tanzania mnayo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu wake wanaoijenga hasa, si kuitumia tu.

Ndani yake kuna dashibodi, jedwali la kuzungusha, chati na ramani. Si nzuri za kupigia picha, lakini muuguzi wa zahanati anaingiza takwimu za mwezi na afisa wa kaunti anaziona pale pale, bila kutumiana faili. Tatizo letu lilikuwa wafadhili. Kila mradi unakuja na dashibodi yake ya Power BI au Tableau, mtaalamu anaijenga, mradi unaisha, leseni inaisha, dashibodi inazimika. Data yenyewe ilikuwa DHIS2 muda wote.

Kwa hivyo nyongeza kwenye maswali yako matatu, bwana: leseni ikikatika kesho, unabaki na nini mkononi?

---

Mzee wa Pivot

Mwana wa Kisauni, hilo swali naliongeza kuwa la nne. Na kwa watu wa mashirika: DHIS2 ina API, yaani mlango wa programu nyingine kuchota data moja kwa moja, kwa hiyo hata mfadhili akilazimisha dashibodi yake, achote kutoka humo. Vivyo hivyo KoboToolbox kwa wanaokusanya data za dodoso. Asije mtu akaanza kupakua CSV kila Ijumaa na kuibandika.

---

Fundi Seva

Nimesubiri mtu aseme "Metabase ni bure" ili niingie. Ni bure, ni nzuri, mtu asiyejua SQL anabofya bofya anapata jibu lake, na unaisimamisha mchana mmoja. Ila nimeshaitwa sehemu nyingi kuokoa, na vidonda vinafanana.

Kwanza, ukiiwasha bila kugusa kitu, inatunza maswali na dashibodi zako kwenye hifadhidata ndogo ya ndani iitwayo H2, ambayo ni faili tu. Hiyo ni ya kujaribia. Ukiiacha humo, siku seva inazimika vibaya au mtu anafuta kontena (kifurushi kinachoendesha programu kwenye seva), kazi yote imekwenda. Hamishia PostgreSQL kabla hujampa mtu wa pili nenosiri.

Pili, usiielekeze kwenye hifadhidata ile ile inayopokea mauzo ya wateja. Meneja mmoja akiomba mauzo ya miaka mitano kwa kila bidhaa, mashine za kaunta zinaganda. Tengeneza nakala ya kusomea, na mtumiaji wa hifadhidata apewe haki ya kusoma tu.

Tatu, na hili nalisisitiza: Julai 2023 lilitangazwa tundu kwenye Metabase, CVE-2023-38646, ambalo lilimruhusu mtu asiye na akaunti kuendesha amri kwenye seva yako. Kiraka kilitoka. Lakini kiraka hakijiweki chenyewe kwenye seva uliyoisimamisha ukaisahau. Usiiache wazi kwenye intaneti, iweke nyuma ya VPN, na awepo mtu ambaye kuisasisha ni kazi yake kwa jina. Kama mtu huyo hayupo, lipeni Power BI, itawagharimu kidogo.

Superset, programu nyingine huria ya aina hii, je? Ilianzia Airbnb 2015, leo iko chini ya shirika la Apache. Ina chati nyingi zaidi na inavumilia data kubwa, lakini inamdai mtumiaji ajue SQL na inamdai fundi muda mwingi. Kwa ofisi ya watu 40 siipendekezi.

---

mgeni_wa_safu

Hapa kuna madini jamani. Mzee wa Pivot, bosi wangu hafungui kiungo. Anasema "nitumie WhatsApp." Nimemjengea dashibodi nzuri ya kurasa sita, hajawahi kuingia.

---

Mzee wa Pivot

Mdogo wangu, karibu kwenye kazi halisi.

Bosi wako hajakosea. Yuko barabarani, ana simu, ana dakika mbili kabla ya kikao. Kurasa sita ulijijengea wewe. Yeye mpe ukurasa mmoja wa simu: Power BI Desktop ina mpangilio wa simu unaoupanga kwa mkono, tofauti na ule wa kompyuta. Weka namba nne juu: mauzo ya jana, fedha iliyoingia, deni la wateja, bidhaa zinazokaribia kuisha stoo. Chini mstari mmoja wa siku 30. Basi. Kisha mwekee usajili ili ukurasa huo umfikie kwa barua pepe kila saa moja asubuhi ukiwa na picha. Kama bado anataka WhatsApp, katibu wake aihamishie hiyo picha. Bosi akiona deni la wateja limepanda, atafungua kiungo mwenyewe.

Hili ndilo jambo ambalo ulinganisho wa kawaida haugusi. Looker Studio inapendwa na mabosi wengi kuliko inavyostahili kwa sababu moja: kiungo kinafunguka kwenye simu bila kupakua programu na bila leseni. Kasi yake ikiwa juu ya Google Sheets kubwa inakera, na kuchanganya vyanzo kunaishia majedwali matano, lakini inafunguka. Wakianza kulalamika kwamba ni nzito, hamishia data BigQuery, hifadhidata ya wingu ya Google. Terabaiti ya kwanza ya maswali kwa mwezi hailipiwi, na duka la kawaida haliigusi hata robo.

---

Mhasibu wa Kariakoo

Mimi nina tatizo la chini zaidi ya hayo yote. Nikiingiza mauzo kwenye Power BI, miezi inachanganyika. Mauzo ya tarehe 3 Aprili yanaonekana 4 Machi. Na fedha zinaingia kama maneno, hazijumlishiki.

---

Mzee wa Pivot

Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu halileti kosa, linaleta namba nzuri za uongo. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa Kiingereza cha Marekani, kwa hiyo 03/04/2025 kwao ni mwezi wa tatu, tarehe nne. Kuanzia tarehe 13 ndipo inagoma, maana hakuna mwezi wa 13, na mtu anadhani ni safu chache tu zilizoharibika. Kumbe zile zilizopita kimya ndizo mbaya.

Dawa: ndani ya Power Query bofya kulia kwenye safu ya tarehe, nenda Change Type, chini kabisa chagua Using Locale, kisha chagua nchi inayoanza na siku, kama Uingereza. Usibadilishe aina ya safu kabla ya hapo. Futa ile hatua ya Changed Type iliyojiweka yenyewe.

Fedha: ondoa "/=" na "TSh" na nafasi zilizojificha kwa Replace Values, ndipo uigeuze kuwa namba. Halafu linganisha jumla ya siku moja na ripoti ya Z ya mashine yako ya EFD. Zikipishana, usimwonyeshe mtu chati yoyote.

---

Mhasibu wa Kariakoo

Ubarikiwe. Na kwa nini inaacha kujisasisha yenyewe? Ninaikuta ina data za wiki iliyopita.

---

Fundi Seva

Nijibu mimi. Faili lako liko kwenye kompyuta ya ofisini, siyo wingu, sivyo? Basi kuna programu ndogo ya daraja, Gateway, inayosoma hapo na kupandisha. Umeme ukikatika au mtu akizima kompyuta akienda nyumbani, daraja halipo. Na Power BI ikishindwa kusasisha mara nne mfululizo inaizima ratiba yenyewe. Hata umeme ukirudi haitaanza mpaka uingie uiwashe. Weka Gateway kwenye mashine isiyozimwa na yenye UPS, au hamishia faili OneDrive ya kazini au SharePoint ambako hakuhitaji daraja. Leseni ya Pro inakupa kusasisha mara nane kwa siku, kwa mauzo ya duka inatosha.

---

Dada Hesabu

Kabla uzi haujaenda mbali, kuna kitufe kwenye Power BI kinaitwa Publish to web. Watu wanakitumia kukwepa kulipa Pro: wanapata kiungo, wanakirusha kwenye kundi, kila mtu anaona bure. Ni kweli anaona. Na dunia nzima inaweza kuona, bila nenosiri. Nimewahi kuletewa kiungo cha namna hiyo chenye majina na namba za simu za wateja. Tableau Public ni vivyo hivyo, unachokichapisha kule ni cha wote. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Kwa data za sensa na za wazi, vitumieni kwa raha. Kwa data za wateja, marufuku.

---

Mwana wa Kisauni

Na ramani? Kuna mwenye njia safi? Power BI ikiniwekea kaunti inanirushia nyingine baharini.

---

Dada Hesabu

Usiiachie programu ibahatishe jina la mahali. Neno moja linaweza kuwa mji, wilaya na mtaa. Tafuta faili la mipaka kutoka kwenye ofisi yenu ya takwimu, ligeuze liwe TopoJSON (muundo wa faili la ramani) kwenye mapshaper.org, punguza ukubwa humo humo, kisha lipakie kwenye Shape Map ya Power BI. Tableau inasoma faili la mipaka moja kwa moja bila kuligeuza, na hapa ndipo inapoiacha mbali.

Angalizo kwa Watanzania: angalieni umri wa faili. La kabla ya 2012 halina Geita, Katavi, Njombe wala Simiyu. La kabla ya 2016 halina Songwe, utaikuta yote ndani ya Mbeya. Ukiweka juu yake idadi ya watu ya sensa ya 2022, mikoa hiyo inabaki tupu na mtu anadhani hakuna data. Na unganisheni kwa namba ya mkoa, siyo jina, maana "Dar es Salaam" nimeiona imeandikwa kwa namna ambazo sitaki kuzikumbuka.

---

mgeni_wa_safu

Swali la mwisho nisiwachoshe. Taarifa za M-Pesa za biashara nazipata kwa PDF yenye nenosiri. Power BI inaweza kuisoma?

---

Mzee wa Pivot

PDF inaisoma, ipo kwenye Get Data. Yenye nenosiri haiwezi. Ifungue kwa nenosiri lako, chapisha upya kuwa PDF isiyo na kufuli, iweke kwenye folda moja na zile za miezi mingine, kisha unganisha folda nzima badala ya faili moja moja. Vichwa vya jedwali vinajirudia kila ukurasa, vichuje. Na safu ya kiasi kilichotoka wakati mwingine inakuja na alama ya kutoa na wakati mwingine haina, kwa hiyo hakikisha salio la mwisho kwenye jedwali lako linalingana na salio lililoandikwa mwisho wa taarifa kabla hujaendelea.

Faili hizo zina majina na namba za watu waliokulipa. Folda iwe kwenye kompyuta yako tu, au mahali penye ruhusa. Usiiweke kwenye Google Drive ya kila mtu mwenye kiungo.